Gomesi, kanzu na jina lenyewe: vya Buganda vilifikaje kuwa vya Uganda nzima?

#1 BintiLango
Habari zenu wanajamvi. Shule anayosoma binti yangu hapa Lira imetuandikia wazazi barua kwamba siku ya utamaduni kila mtoto aje amevaa vazi la taifa, na chini ya maneno hayo imefafanua: wasichana gomesi, wavulana kanzu na koti. Barua hiyo imenikaa moyoni tangu Jumatatu. Marehemu mama yangu alikuwa na gomesi tatu; tulimzika na moja, mbili ziko kabatini kwangu, kwa hiyo sitadai kwamba vazi hilo ni geni katika nyumba yetu. Lakini nyanya yangu aliyemzaa mama hakuwahi kulivaa hata siku moja, na sisi Walango hatukuwahi kuwa chini ya Kabaka, mfalme wa Buganda.

Nikaanza kuhesabu. Sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani, hata huku kwetu, watu wengi siku hizi huiita kwanjula. Mgeni akiuliza chakula cha Uganda ataambiwa matoke, ilhali mimi nimekulia ugali wa ulezi na mboga iliyotiwa odii. Jina la nchi lenyewe ni la Waganda, watu wa Buganda. Nauliza bila chuki na kabila lolote: eneo moja hupataje kuivisha nchi nzima nguo yake, chakula chake na hata jina lake? Je, lililazimisha, au sisi wengine tulipokea kwa hiari?

#2 Mwalimu wa Tororo
Ahsante Dada kwa swali zito. Jibu langu ni makao ya serikali. Waingereza walikaa Entebbe, kisha mji mkuu wa nchi huru ukawa Kampala, na miji yote miwili iko ndani ya Buganda. Makerere ilipoanzishwa 1922 ilijengwa huko huko, hospitali kuu ya Mulago iko huko, makanisa makuu ya Namirembe na Rubaga yako huko. Kijana wa Tororo, wa Arua au wa Kabale aliyetaka kuwa karani, mwalimu au mganga alipaswa kupitia kwa Waganda, akala walichokula, akaona wanavyooana, kisha akarudi kijijini akiwa na mshahara, na wenzake wakaona kwamba mtu aliyesoma ndivyo anavyovaa. Hakuna aliyelazimishwa, lakini pia sioni kama kulikuwa na hiari kamili, kwa sababu njia ilikuwa moja.

#3 Mutuba
Mimi ni Muganda, na ningependa tuweke sawa jambo moja kabla hatujaenda mbali. Gomesi si vazi la kale la Buganda. Mabibi zetu walivaa lubugo, nguo inayopondwa kutoka gome la mti wa mutuba. Historia niliyofundishwa ni kwamba wasichana wa Gayaza, shule iliyoanzishwa na wamisionari 1905, walikuwa wakilima bustani, na nguo yao ilikuwa ikifunguka kila walipoinama. Ndipo fundi Mgoa aliyeitwa Gomes akatakiwa kuishonea sehemu ya juu ya kufunika kifua na mabega. Jina la gomesi limetoka kwake. Husimuliwa pia kwamba vazi hilo lilipata heshima Irene Drusilla Namaganda, mke wa Kabaka Daudi Chwa, alipolivaa katika sherehe za kutawazwa 1914.

Kanzu nayo mnaijua ninyi mnaosoma Kiswahili kuliko mimi. Ilikuja na wafanyabiashara wa pwani zama za Kabaka Ssuuna II, na Mutesa I aliyemfuata aliwavisha watu wa kasri lake mavazi hayo. Kwa hiyo Dada BintiLango, unapouliza vya Buganda vilifikaje Lira, kumbuka kwamba kabla ya hapo vilifika Buganda, na vilifika vikiwa vya watu wengine.

#4 Fundi Kiyembe
Nimeshona gomesi kwa miaka mingi hapa Kampala, karibu na maduka ya vitambaa ya Kiyembe, na ningependa kumwongezea Ndugu Mutuba (#3). Wazee wengi huliita bodingi, na jina hilo linatokana na neno la Kiingereza boarding, kwa maana ya wasichana wa shule za bweni, jambo linalounga mkono habari za Gayaza. Jina la tatu ni busuti.

Sasa niseme ninachokiona mezani kwangu. Wateja wangu si Waganda peke yao, na wala Waganda si wengi zaidi. Nawashonea akina mama wa Teso, wa Busoga, wa Bukedi, wa Busia pande zote mbili za mpaka. Mama akija, hasemi anataka vazi la Kiganda. Husema anataka gomesi ya harusi ya mwanawe, na rangi ataitaja mwenyewe. Vazi hili lina sifa ambayo waandishi wa historia huipita: humkubali kila mtu. Linachukua yadi sita za kitambaa, mwenye mwili mkubwa huongeza; mabega yanasimama, shingo ni ya mraba na vifungo viwili upande wa kushoto, mkanda mpana hufungwa chini ya kiuno, na ndani huvaliwa kikoi ili kitambaa kisishike mwili. Mwanamke mnene, mwembamba, mjamzito, mzee, wote hupendeza. Halina cheo, halina ukoo, halimuulizi mtu baba yake ni nani. Linganisha na lubugo, ambalo watengenezaji wake wa kifalme ni wa ukoo wa Ngonge na ambalo hadi leo huvaliwa kwa mambo makubwa ya mazishi na kutawazwa. Lubugo lilibaki Buganda. Gomesi ilisafiri.

#5 Mzee wa Hoima
Nawasoma na kuheshimu maoni yenu, lakini Mwalimu (#2) na Fundi (#4) wanazungumza kana kwamba mambo haya yalisambaa kama harufu ya chakula. Sisi Wanyoro tunakumbuka vingine. Baada ya vita dhidi ya Omukama Kabalega, mfalme wetu, Waingereza waliwaleta machifu wa Kiganda watutawale ndani ya nchi yetu, wakaja na lugha yao, na Biblia ya Kiganda ndiyo iliyosomwa kanisani. Mwaka 1907 wazee wetu walisimama wakasema Nyangire Abaganda, yaani nimewakataa Waganda. Hawakubeba silaha, walikataa tu kuwatii, na viongozi wa mgomo ule walikamatwa na kupelekwa uhamishoni. Kaunti za Buyaga na Bugangaizi, zenye makaburi ya wafalme wetu, zilibaki ndani ya mipaka ya Buganda hadi kura ya maoni ya 1964.

Ninalotaka kusema ni hili: palipo na alama ya eneo moja iliyogeuka kuwa ya wote, mtafute kwanza nani aliyekuwa na bunduki nyuma yake. Mama yangu alivaa gomesi kanisani kwa sababu mke wa padri na mke wa chifu waliivaa. Baadaye aliipenda, siwezi kukana. Lakini kupenda kulikuja nyuma.

#6 Mgisu wa Kadodi
Naungana na Mzee (#5) kwa habari za mashariki. Mbale yetu ilianzia kwenye ngome na mashamba ya Semei Kakungulu, Muganda aliyekuja na jeshi lake na kugawa nchi katika saza na gombolola, yaani kaunti na kaunti ndogo, kama kwao. Hadi leo tunatumia maneno hayo, saza na gombolola, na hayo ni ya Kiganda.

#7 Mutuba
Marekebisho madogo kwa Ndugu Mgisu: Kakungulu alizaliwa Kooki, ufalme mdogo uliojiunga na Buganda 1896, kwa hiyo yeye mwenyewe alikuwa mtu wa pembeni aliyejifunza mambo ya kasri kisha akayapeleka mbele kwa bidii kuliko wenyeji. Silisemi hili kuiondolea Buganda lawama. Mzee wa Hoima amesema kweli, na sisi tulio Waganda tunapaswa kuisikiliza kweli hiyo bila kukunja uso. Ninachoongeza ni kwamba mara nyingi anayesambaza alama za eneo ni yule aliyezipokea jana.

#8 Nubi wa Bombo
Assalaam aleikum. Nashangaa kwamba tumefika chapisho la nane katika jamvi la Kiswahili na hakuna aliyetaja jambo lililo mdomoni mwetu sote. Uganda ni neno la Kiswahili.

Muganda mwenyewe huita nchi yake Buganda. Mswahili wa pwani, kwa desturi ya lugha yake, nchi huipa kiambishi U: Unyamwezi, Ugogo, Usambara, Ulaya. Akaiita Uganda, kama alivyoiita Bunyoro Unyoro na Busoga Usoga. John Hanning Speke alipofika kasri la Mutesa 1862, msafara wake ulikuwa na watu waliozungumza Kiswahili, akiwemo Sidi Mubarak Bombay, na katika maandishi yake majina haya yote yana U ya Kiswahili. Wazungu waliofuata wakaandika hivyo hivyo. Mwaka 1900 Waingereza wakatangaza himaya yao, wakaiita Uganda, na jina likakwama hapo.

Kwa hiyo Dada, jina la nchi ni la Waganda kwa shina na ni letu Waswahili kwa kiambishi. Ukiniuliza kwa nini Unyoro na Usoga zilikufa na Uganda ikabaki, nitakuambia kwamba msafiri hutaja nchi kwa jina la mahali alipopokelewa.

#9 Mwalimu wa Tororo
Nubi umetufaa sana, ila mwaka urekebishwe. Himaya ilitangazwa 1894, wakati huo ikiwa juu ya Buganda peke yake, na 1896 ikapanuliwa kuingiza Bunyoro, Toro, Ankole na Busoga. Jina halikuchaguliwa upya kwa ajili ya nchi kubwa. Lilinyooshwa tu, kama mtu anavyopanua nyumba bila kubadili kibao cha mlangoni. Mwaka 1900 ni wa mkataba kati ya Waingereza na Buganda, na hapo pana jambo linalofaa kutazamwa. Hati ile kwa jina lake rasmi ni Mkataba wa Uganda, na ndani yake Buganda inaitwa Ufalme wa Uganda, ambao umefanywa jimbo mojawapo la Himaya ya Uganda. Kwa maneno mengine, jina moja lilikuwa likibeba sehemu na kitu kizima ndani ya karatasi moja. Ukija 1955, mkataba mwingine wa watu wale wale unaitwa Mkataba wa Buganda. Katikati ya tarehe hizo mbili jina liliwatoka Waganda likawa la sote, na ikabidi wao warudi kwenye herufi B ili wajitofautishe. Huwa nawaambia wanafunzi wangu kwamba Buganda ilitoa jina lake na kwa kutoa ikalipoteza.

#10 Pembe Ndefu
Mabibi na mabwana, natokea Mbarara, na naona mnaipa Buganda hata isichokuwa nacho. Bendera ya nchi hii ilipendekezwa na Grace Ibingira, mtoto wa Ankole, alipokuwa waziri wa sheria 1962: mistari sita ya nyeusi, njano na nyekundu. Katikati akamweka korongo mwenye taji, entuuha wetu, ambaye si alama ya ufalme wowote. Ya Buganda ni simba, ngao na mikuki. Kisha toeni noti mifukoni. Elfu kumi ina ndizi, haya, tuwape majirani zetu. Elfu ishirini ina ng'ombe wa pembe ndefu. Hesabuni wenyewe ipi ni kubwa.

#11 Mutuba
Ssebo Pembe Ndefu, kwa noti umetushinda, na elfu ishirini yako ikifika Kampala tutaipokea kwa mikono miwili. Kwa korongo naomba tuelewane. Ibingira hakuwa wa kwanza kumchagua. Ndege huyo alikuwa tayari kwenye nembo ya serikali ya kikoloni miaka mingi kabla ya uhuru, na bendera iliyopendekezwa na serikali ya Benedicto Kiwanuka kabla ya uchaguzi wa Aprili 1962 nayo ilikuwa na korongo, tena juu ya rangi za kijani na buluu. Wabunge wapya walitupa rangi wakabakiza ndege. Tena katika nembo ya taifa, korongo yuko upande mmoja wa ngao na swala tunayemwita nsunu yuko upande wa pili. Huku kwetu kuna ukoo wa Ngaali, ambao mwiko wake ni huyo korongo, na kuna ukoo wa Nsunu. Sidai kwamba ndiyo sababu waliwekwa. Nadai tu kwamba ukitafuta mnyama wa Uganda asiye na mwenyewe, utatafuta sana.

#12 Jirani wa Kisumu
Naomba nafasi ingawa ni Mkenya. Maelezo ya Mwalimu (#2) na ya Mzee (#5) yanahitilafiana na yale ninayoyaona kwetu. Kenya nzima huonyeshwa ulimwenguni kwa Mmaasai: shuka nyekundu, shanga, kuruka juu. Ngao iliyo katikati ya bendera yetu, na mikuki miwili nyuma yake, ni ya Kimaasai. Lakini Wamaasai hawakutoa machifu wa kututawala, mji mkuu haukuwa ufalme wao, na kwa mikataba ya 1904 na 1911 walihamishwa kutoka ardhi yao bora wakapewa walowezi. Kama alama hufuata makao ya serikali au bunduki, Mmaasai angekuwa wa mwisho kuwekwa kwenye bendera. Huko Uganda mwenye nguvu alikuwa alama. Huku kwetu aliyenyang'anywa ndiye aliyekuwa alama. Nani atanifumbulia?

#13 Ughaibuni
Jirani (#12), mimi naishi Uingereza, na nilikuta fumbo kama lako huku. Leo Mskoti popote duniani hutambulika kwa kilti, ile sketi ya mirabaraba. Lakini kilti ilikuwa ya watu wa milimani, upande wa kaskazini, na Waskoti wa mabonde na miji waliwaona wenzao hao kama washenzi na wezi wa ng'ombe. Baada ya uasi wa milimani, sheria ya 1746 ilipiga marufuku vazi lile, na haikufutwa hadi 1782. Kisha 1822 Mfalme George IV akazuru Edinburgh akiwa ameivaa, na mabwana wa mabondeni wakakimbilia mafundi nguo. Watu wa milimani walipokwisha kushindwa na wengi wao kuanza kuondolewa mashambani, nguo yao haikuwa tena tishio kwa mtu yeyote, iliweza kupendwa.

Naona zipo njia mbili. Ipo alama inayopanda kwa sababu wenyewe wako juu, kama gomesi, na ipo inayopanda kwa sababu wenyewe wamesukumwa pembeni na hawatishi tena, kama ngao ya Mmaasai. Hiyo ya pili hupendwa zaidi na mtazamaji wa nje, kwa sababu anataka kitu kimoja cha kukumbuka, nacho kiwe tofauti na vya kwao. Hapa ninapoishi, siku ya mataifa kazini, niliombwa nivae kitu cha Uganda. Mimi ni Mualur wa Nebbi. Nilivaa kanzu, kwa sababu ndiyo niliyoweza kuipata, na wote waliiita nguo ya Kiarabu.

#14 Karamoja Kwetu
Nimesoma kimya hadi Ndugu Ughaibuni aliposema kuhusu kusukumwa pembeni. Tazameni tena zile noti ambazo Pembe Ndefu anazisifu. Toleo la 2010 lina uso wa mwanamume wa Karamoja uliochorwa kwa upande, pamoja na ramani, mikeka na Mnara wa Uhuru. Mimi ni Mkaramoja. Nilipokuwa mwanafunzi Kampala, mwenye nyumba mmoja alikataa kunipangisha chumba mara tu nilipotaja kwetu, na pesa ya kodi niliyokuwa nimemnyoshea ilikuwa na uso wa mtu wa kwetu. Sikumwonyesha. Niliikunja nikaondoka.

Kwa hiyo naomba tusiseme "alama ya eneo imekuwa ya taifa" kana kwamba watu wa eneo nao wamebebwa pamoja nayo. Uso wetu umekubalika kwenye pesa. Sisi wenyewe bado tunabisha hodi.

#15 BintiLango
Pole sana Ndugu yangu wa Karamoja. Maneno yako yamenifanya nisome upya barua ya shule kwa macho mengine.

Ninawashukuru wote, lakini swali langu limezaa lingine. Kama mji mkuu, kanisa, shule na machifu vyote vilibeba mambo ya Buganda, mbona Kiganda hakikuwa lugha ya taifa? Nguo ilipita, chakula kilipita, jina lilipita. Lugha ilikwama, ingawa wengi tunaielewa tukifika Kampala.

#16 Nubi wa Bombo
Ilikaribia kupita. Biblia nzima ya Kiganda ilikuwa tayari 1896, na katika sehemu nyingi za mashariki ndiyo iliyosomwa. Mwaka 1927 Gavana Gowers alitaka Kiswahili kitiliwe mkazo badala yake, na Kabaka Daudi Chwa akaandika kukipinga. Kiswahili kikabaki kuwa lugha ya jeshi, polisi na soko, jambo ambalo wazee wetu wa Bombo walilijua vizuri kwa sababu ndiko walikoajiriwa. Kisha 1973 wilaya ziliulizwa; kumi na mbili zikachagua Kiswahili, nane zikachagua Kiganda, na Idi Amin akakitangaza Kiswahili kuwa lugha rasmi.

#17 Mwalimu wa Tororo
Lugha ya taifa, ndugu yangu, si lugha rasmi. Kiingereza kilibaki rasmi, na Kiswahili kilipata hadhi ya lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya katiba ya 2005. Marekebisho yangu ya mwaka wa 1894 hukuyapinga, naomba na hili ulikubali.

#18 Nubi wa Bombo
Nimekubali Mwalimu. Lakini mahesabu ya 1973 yabaki palepale: wengi walichagua lugha isiyo ya kabila lolote la nchi hii.

#19 Mzee wa Hoima
Na sababu iko wazi. Gomesi mtu huivaa Jumapili akaivua Jumatatu. Lugha ungeitumia mbele ya hakimu, mbele ya daktari, katika mtihani wa mwanao, na kila siku mwenye lugha angekuwa hatua kumi mbele yako. Watu wetu walipokea kile ambacho hakikuwapunguzia cheo wakakataa kile ambacho kingewafanya wageni wa kudumu. Hili ndilo linalonifanya nisikubali kwamba tulikuwa watu wa kupokea tu. Tulichagua, ingawa tulichagua tukiwa tumebanwa.

#20 Mutuba
Mzee, nakubali nusu. Kuna watu wengi wa asili nyingine waliochagua hata lugha, wakawapa watoto wao majina ya koo zetu, na leo huwezi kuwatofautisha. Na sisi nasi tumelipa gharama ambayo hatujaitaja hapa. Jambo likishakuwa la taifa, mwenyewe huambiwa anajipendelea akilisemea. Nikisema gomesi ina taratibu zake za kuvaliwa, naambiwa nataka kutawala Uganda.

Tazameni pia orodha za urithi za UNESCO. Ufundi wa lubugo ulitangazwa 2005 na tangu 2008 uko katika orodha ya urithi unaowakilisha ubinadamu. Baada yake, hadi 2016, vikaingizwa bigwala, tarumbeta za vibuyu za Busoga, majina ya empaako ya magharibi, sherehe ya Walango ya kumtakasa mtoto wa kiume, masimulizi ya Koogere na kinubi cha Wamadi, na vyote hivyo viko katika orodha nyingine, ile ya mambo yanayohitaji kulindwa haraka yasipotee. Cha Buganda kinawakilisha, vya wengine vinaokolewa. Sikufurahi nilipoliona hilo, ingawa lubugo ni la wazee wangu.

#21 Mgisu wa Kadodi
Hiyo sherehe ya Walango mbona Dada BintiLango hakuitaja? Nami niongeze mfano unaokwenda kinyume. Kadodi, ngoma zetu za kuwasindikiza vijana wa imbalu, yaani tohara, hazikuwa na mji mkuu wala chifu wa kuzieneza. Leo zinakodishwa Kampala kwa harusi, kwa kampeni, kwa ufunguzi wa maduka, na vijana wanaozicheza hawajui imbalu ni nini. Zilienea kwa sababu zinamfanya mtu acheze. Nilipokuwa kijana ngoma hizo zilinitisha, kwa maana nilijua zinakonipeleka. Sasa nazisikia zikitangaza sabuni, na sijui nifurahi au nihuzunike.

#22 Pembe Ndefu
Furahi, ndugu yangu. Ng'ombe wetu anatangaza benki kuu.

#23 Jirani wa Kisumu
Na huo Mnara wa Uhuru uliotajwa na Ndugu wa Karamoja (#14), ule wa mama anayemwinua mtoto, ulichongwa na Gregory Maloba, Mkenya wa Mumias aliyesoma na kufundisha Makerere. Kwa hiyo tuliochangia alama za Uganda hatuko Buganda wala Ankole pekee. Swali langu la #12 halijajibiwa kikamilifu, lakini nitangoja.

#24 BintiLango
Ndugu Mgisu, sikuitaja kwa sababu binti yangu haijui, na hilo ni kosa langu wala si la Buganda. Nilikwenda shuleni jana. Nilimwuliza mwalimu wa darasa kama mtoto anaweza kuja na vazi lingine, akasema kwa upole kwamba anaweza, ila hakujua Walango walivaa nini, na nilipotaka kumweleza nikagundua kwamba ninayoyajua ni ya picha chache na maneno ya nyanya. Nilipofika nyumbani nilimweleza binti yangu yote mliyoyasema, hata yale ya korongo. Akaniuliza kama nyanya yake alikuwa Muganda. Nikamwambia hapana. Akasema basi anataka gomesi ya nyanya, ile ya kijani.

Jioni hii nitampigia simu mjomba wangu aliyebaki kijijini, mwenye umri wa miaka themanini na zaidi, ili amweleze mtoto jinsi mamake mjomba mwenyewe alivyovaa na kucheza. Lakini gomesi ataivaa. Fundi Kiyembe, nakuomba: mama alikuwa mwanamke mpana, na mtoto ana miaka kumi. Je, inaweza kupunguzwa bila kuiharibu?

#25 Fundi Kiyembe
Inawezekana Nnyabo, na usimpe fundi mwenye haraka. Mabega yafumuliwe kwanza, kitambaa kigumu cha ndani kitolewe, kipunguzwe na kurudishwa, maana mtoto akivaa mabega ya mtu mzima yatamlalia. Shingo isikatwe kabisa. Ifinywe kwa mishono miwili ya nyuma, na vifungo vibaki vile vile viwili. Upana upunguzwe kwenye mishono ya pembeni, ziada iachwe ndani. Mkanda mkunje mara mbili. Pindo la chini lipandishwe na kushonwa kwa mkono, uzi mmoja, bila kukatwa hata inchi, ili kila mwaka akirefuka uweze kuliteremsha.